Baba anataka tupande jukwaani pamoja. Nikikataa, nitakosa radhi?

Bibi, shikamoo.

Nina miaka 24. Nimezaliwa Langoni, Lamu, na sasa niko Malindi, nimepanga chumba Maweni. Jina langu silitaji na nakuomba usilitafute, maana ukilijua langu utalijua la babangu, na la babangu linajulikana kila nyumba yenye runinga kutoka Vanga hadi Kiunga.

Babangu ni mwigizaji. Katika tamthilia iliyompa umaarufu anaigiza baba mpole aliyefiwa na mke, analea binti yake peke yake. Binti huyo anamwita "mboni yangu". Watu walilipenda neno hilo mpaka mabaharia wa pale gatini wakawa wanaitana hivyo kwa mzaha. Mimi hajaniita hivyo hata siku moja. Aliondoka Lamu nikiwa na miaka mitano, akaenda Mombasa na kikundi cha maigizo, halafu Nairobi. Mamangu akaolewa Faza. Nikabaki na nyanya. Ilikuwa ikifika saa ya tamthilia majirani wanakuja kutazama kwetu, kwa kuwa ndiyo nyumba anamoishi mtoto wake, na nyanya anaingia jikoni kuosha vyombo ambavyo alishaviosha.

Nilipofika miaka 15 babangu alinichukua Nairobi nikasome. Nyumbani kwake nilikaa na mkewe, yeye babangu nilimuona zaidi kwenye runinga kuliko mezani. Shuleni sikuwa na jina, nilikuwa "mtoto wa fulani". Wasichana walitaka namba ya simu ya babangu. Walimu walitaka niigize siku ya wazazi. Nikaigiza, na yeye siku hiyo hakuja.

Tembe nilianzia huko, tembe za usingizi za mama wa rafiki yangu. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi Pwani, nikampata kijana hapa Malindi, na kwake nikaijua kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, yaani heroini. Baadaye bangi ikawa haina kazi, ukabaki unga wenyewe. Buibui lilinisitiri karibu miaka miwili. Mwanamume akiwa teja, mtumwa wa unga, nguo zinamtangaza. Mimi ungenijua kwa mikono tu. Niliuza bangili mbili za dhahabu za nyanya, alizovishwa na mamake siku ya arusi. Alijua siku ileile. Hakuniuliza.

Halafu siku moja nikashikwa na arosto ufuoni, yale maumivu ya kukosa unga, natapika, natetemeka, mtandio umeanguka. Kijana nisiyemjua akanirekodi kwa simu, akaandika chini yake: "Mboni ya fulani hii hapa." Kufikia Isha, Lamu nzima ilikuwa imeniona. Babangu alipoulizwa redioni alisema amenilea vizuri, amenipa kila kitu, ila dunia na marafiki wabaya wa Pwani ndio walioniharibu.

Bibi, nisikuchoshe. Mhudumu mmoja katika wale wanaozunguka maskani za mateja alinishika mkono akanipeleka hospitali ya hapa Malindi, na sasa ni mwezi wa tisa nakunywa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga. Kila asubuhi niko pale dirishani. Nikitoka naenda kumsaidia mama mmoja kuchoma mahamri. Mwili umerudi, hata hedhi imerudi.

Wiki tatu zilizopita babangu alinipigia. Ameteuliwa kuwa balozi wa kampeni ya kupinga dawa za kulevya. Juni 26 kutakuwa na mkutano mkubwa Nairobi na anataka tupande jukwaani pamoja, mimi nisimulie, kisha yeye anikumbatie. Kabla ya hapo watakuja watu na kamera Malindi wanipige picha pale nilipokuwa nalala. Halafu niende Nairobi siku 10 tufanye mazoezi. Mazoezi ya kukumbatiwa, Bibi.

Aliniona nasitasita akaniambia hata Jackie Chan, pamoja na ukubwa wake, mwanawe alishikwa na dawa akajitokeza mbele ya ulimwengu kuomba radhi, seuze sisi. Ameahidi kunifungulia saluni. Na mwisho akasema, "Usije ukakosa radhi zangu." Mama naye amenipigia kutoka Faza: mzazi hakosewi, nenda.

Nikikataa, nitakuwa nimekosa radhi? Na je, si kweli kwamba nikisimulia huenda nikamuokoa msichana mwingine?

Mboni wa Uongo, Malindi.

*

Marahaba, mjukuu wangu.

Usipande. Nimelisema mapema ili usisome yaliyobaki roho ikiwa juu. Sasa kaa kitako tuzungumze.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikifika pale penye mazoezi naiweka chini. Nimefunda wari, nimesuluhisha ndoa zilizovunjika kwa sababu ya samaki wa kupaka aliyezidi chumvi, nikadhani nimeshasikia yote. Mazoezi ya kukumbatiwa sikupata kuyasikia.

Kwanza nijitwike sehemu yangu ya lawama. Sisi watazamaji tuna ugonjwa wetu. Tukimpenda mtu kwenye kioo tunamgawia na tabia aliyoandikiwa na wengine. Akiigiza mchawi tunamkwepa sokoni. Akiigiza baba mwema tunaapa kuwa nyumbani kwake kunanukia udi. Majirani zako waliokuja kutazama kwenu walikuwa wanamtazama baba wa mtoto mwingine huku wamekaa na wewe mkekani, na hakuna aliyekugeukia. Nyanyako peke yake ndiye aliyeona, akaenda kuosha vyombo. Laiti ningekuwa jirani yenu, najua fika na mimi ningekuwa pale mkekani naulizia kilichotokea jana.

Sasa hiyo radhi. Neno hili kwetu lina milango miwili. Radhi hutolewa, na radhi huombwa. Mzazi hutoa radhi zake kwa mtoto, nasi tumelelewa tukiziogopa kukosa kuliko tunavyoogopa bahari ya kusi. Lakini mtu akimkosea mwenzake huenda akamwomba radhi, na hapo haiulizwi nani mkubwa nani mdogo. Babako ameushika mlango wa kwanza kwa mikono miwili na wa pili amekuachia wewe upite. Mimi si mwanachuoni, na kama moyo wako haujatulia nenda kwa mwalimu unayemwamini, mwanamke au mwanamume, umsomee barua hii yote. Muulize kama mzazi ana haki ya kumfunua mtoto wake ambaye Mungu keshamsitiri. Nadhani atakukumbusha hadithi ambayo hata watoto wa madrasa wanaijua: mwenye kumsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu humsitiri duniani na Akhera. Sitara ni neno zito kwetu. Ile video ilikuvua sitara mara moja bila ya ruhusa yako. Leo unaombwa uivue mwenyewe, na aliyekuzaa ndiye anayeshika taa.

Kumheshimu babako ni jambo moja na kumpa habari zako azipande kama ngazi ni jambo jingine. La kwanza usiache hata siku moja. Mwamkie, mwombee dua, akiugua nenda. La pili si haki yake.

Ama huyo Jackie Chan, nashukuru babako kamtaja, maana kisa chake nakifahamu, na kama babako angekifahamu vizuri asingekitaja. Mwaka 2009 Jackie alitangazwa huko China kuwa balozi wa kupinga dawa za kulevya. Balozi, kama babako. Agosti 2014 mwanawe, Jaycee, akakamatwa Beijing, bangi ikakutwa nyumbani kwake, na Januari 2015 akahukumiwa miezi sita kwa kosa la kuwapa wengine mahali pa kuvutia. Fikiria fedheha hiyo. Lakini alisemaje baba mtu? Aliandika hadharani kwamba ameona haya, kwamba hakumfunza mwanawe ipasavyo na kwamba jukumu hilo analibeba na yeye. Hakusema Beijing imemharibia mtoto. Hakuwataja marafiki wabaya. Na Jaycee alipofunguliwa Februari 2015, waandishi aliwakabili yeye mwenyewe, akainama, akaomba msamaha kwa kinywa chake, kwa kosa lake.

Yaweke maneno hayo kando ya yale ya redioni: nimemlea vizuri, nimempa kila kitu. Babako ameupenda ubalozi wa Jackie, ila ile sentensi ya Jackie ameiruka.

Mimi lakini ni mtu wa filamu za Kihindi. Wa rika langu Pwani hii tulilizwa na Nargis kabla hatujajua kulizwa na waume, na nyimbo tuliziimba neno kwa neno bila kujua maana yake hata moja. Nargis na mumewe Sunil Dutt walikuwa nyota wa juu kabisa, na mtoto wao Sanjay aliingia kwenye dawa za kulevya akiwa kijana mbichi. Nargis alifariki kwa saratani Mei 1981, siku chache tu kabla ya kuonyeshwa filamu ya kwanza ambayo mwanawe aliigiza akiwa mhusika mkuu. Kijana alikuwa ameshazama. Sanjay mwenyewe amewahi kusimulia jinsi alivyomwendea babake akamwambia anakufa, amsaidie. Babake akamtia hospitali, kisha akampeleka Marekani kutibiwa. Hapo ndipo filamu ingeishia kwa wimbo na mvua. Maisha hayakuishia hapo. Mwaka 1993 Sanjay akakamatwa kwa kuwa na silaha kinyume cha sheria, na kesi hiyo ikamfuata zaidi ya miaka 20, mpaka alipomaliza kifungo chake Februari 2016. Sunil Dutt alikuwa mbunge, mtu wa heshima zake, na aliendelea kuhangaika na mwanawe mpaka alipofariki mwaka 2005, kabla mambo hayajaisha.

Nakwambia haya usije ukadhani nataka baba mkamilifu. Huyo mzee hakuwa na uwezo wa kumzuia mwanawe asianguke tena. Alikuwa nacho kitu kimoja tu, kwamba alirudi. Leo, kesho, mwaka ujao. Kumbatio la jukwaani lina dakika ngapi? Mbili, na makofi. Tarehe 27 Juni saa mbili asubuhi wewe utakuwa umepanga foleni dirishani, na yeye atakuwa wapi?

Nimpe haki yake kidogo. Huenda babako kweli anakupenda na hajui njia nyingine ya kupenda isipokuwa yenye taa na kamera. Mtu aliyeishi miaka 20 akilipwa kwa machozi husahau kulia bure. Huenda pia anaona haya, na haya za mwanamume maarufu zina vurugu kuliko za sisi wengine. Simtetei, nafikiria tu kwa sauti, kwa sababu utakuja kukaa naye siku moja, inshallah, na ni vizuri umfikie ukimjua.

Tuje kwenye mwili wako, kwa maana hapa ndipo nilipomkasirikia kweli.

Ameomba mambo mawili na yote mawili yanaweza kukurudisha shimoni. La kwanza ni hizo siku 10 za Nairobi. Methadoni si panadoli ya kutia mkobani. Unaijua kazi yake kuliko mimi: unainywa mbele ya muuguzi, inakushika kama siku nzima, kesho unarudi. Ukikosa siku kadhaa mfululizo hawakupi tena kipimo chako cha zamani, wanakushusha na kukupandisha polepole, na katikati ya hapo arosto inabisha hodi. Kuhamishiwa kliniki nyingine kwa muda ni jambo linalopangwa na daktari mapema, kwa barua, si jambo la kupanda basi la usiku kwa kuwa baba ametuma nauli. Je, katika mipango yake yote hiyo, aliwahi kukuuliza utainywea wapi?

La pili ndilo baya zaidi: kukupiga picha pale ulipokuwa unalala. Mjukuu wangu, mwili una kumbukumbu zake ambazo akili haizisimamii. Harufu ya mahali, sauti ya kiberiti, uso wa mtu mmoja uliyezoea kumuona pale, basi, tumbo linaanza kujikunja kama vile jana tu. Washauri wa hapo kliniki wamekwisha kukwambia ujiepushe na maskani za zamani, nawe unajiepusha kwa kuzunguka mitaa. Sasa uende kwa hiari yako, ukalale sakafuni pale, mara mbili tatu mpaka mpiga picha aridhike na mwanga? Na ukiteleza sasa hivi hatari yake si ile ya zamani. Aliyeacha unga miezi mingi akaurudia kwa kipimo chake cha kale, au akauchanganya na methadoni na tembe za bugizi au pombe, pumzi inaweza kumkata usingizini. Wengi waliozikwa walikufa hivyo, wakati ambapo jamaa zao wanasema "lakini alikuwa amepona".

Lieleze kliniki jambo hili lote kesho. Mwambie mshauri wako habari za simu ya baba, vitisho vya radhi, kila kitu, kwa sababu msukosuko wa namna hii nao ni ugonjwa wa kuchungwa. Malindi haikuanza jana kulia kilio hiki. Mradi wa Omari umekuwa ukiwashughulikia waraibu wa hapo tangu 1995, wakati ambapo miji mingi ilikuwa bado inasema mateja ni mashetani yamewapanda. Methadoni ilipoingia nchini Desemba 2014, katika hospitali ya Mathari, Nairobi, Malindi ilifuata miezi michache tu baadaye, 2015. Kwa hivyo hapo ulipo kuna watu waliowaona wengi wakipita njia yako, watoto wa wavuvi na watoto wa wakubwa, na methadoni ya wote inatoka kwenye dirisha lilelile. (Na wewe mwingine unayesoma huku ukiwa umejifungia chooni na simu: namba ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na dawa za kulevya, ni 1192, ni bure, na hawakuulizi wewe ni mtoto wa nani.)

Umeniuliza kama ushuhuda wako hauwezi kumuokoa msichana mwingine. Unaweza. Tena wasichana ndio wanaouhitaji, kwa sababu hilo buibui ulilolitaja linasitiri na linaua, na kwenye mikutano ya namna hii ni wanaume wanaosimama kusimulia. Lakini tazama nani anasimulia, na lini. Cameron, mtoto wa mwigizaji Michael Douglas, mjukuu wa Kirk Douglas, alikamatwa 2009 kwa biashara ya dawa za kulevya, akafungwa karibu miaka saba, akatoka 2016. Kitabu chake cha maisha hayo kilitoka 2019. Miaka mitatu baada ya kutoka, kwa jina lake yeye, kwa maneno aliyoyachagua. Wewe una miezi tisa. Kidonda cha miezi tisa kina ganda tu juu. Likibanduliwa mbele ya watu elfu watapiga makofi, na usiku utabaki nalo peke yako hotelini.

Siku itakapokuja ukawa tayari, hutahitaji jukwaa la Nairobi. Yule mhudumu aliyekushika mkono anajua nyumba ambazo ndani yake kuna msichana aliyefungiwa chumba cha nyuma na mamake anasema ana malaria. Utaenda naye, mtakaa chini, utasema "na mimi pia". Hapo hutakuwa mtoto wa fulani.

Kuna jambo la karatasi nisije nikalisahau. Watu wa kamera watakuletea fomu utie sahihi. Usitie. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inakupa haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya yako kuwa nyeti. Hazichukuliwi hivihivi tu kwa kuwa babako amekubali. Una umri wako, kibali ni chako. Hata kama ulishasema "ndiyo" kwenye simu, unaruhusiwa kusema "hapana" leo. Na ile video ya ufuoni, kama bado inazunguka, ofisi ya Kamishna wa Data inapokea malalamiko. Sikulazimishi, najua kulalamika nako ni kuisimulia upya.

Saluni? Akitaka kukufungulia saluni afungue. Saluni isiyofunguka mpaka ulie hadharani ina kodi kubwa kuliko ya mwenye nyumba. Wewe choma mahamri.

Mamako usigombane naye. Ana hofu, na yeye pia alijua kumuogopa huyo bwana kabla yako. Mwambie "nimesikia, mama", umtumie salamu za watoto wa Faza, mambo yaishie hapo.

Jibu la babako liandike, usimpigie. Sauti ndiyo kazi yake mjukuu wangu, akianza kukusemesha utalegea hata mimi ningelegea. Mwandikie maneno machache, hivi:

"Baba, shikamoo. Nimefurahi kusikia sauti yako. Jukwaani sitapanda, na sitapigwa picha wala kurekodiwa. Nakuombea kazi yako iende vizuri. Kila siku saa mbili asubuhi niko hospitali Malindi. Njoo siku yoyote unayotaka, wewe peke yako, nitakungojea nje tunywe chai. Mwanao."

Usiongeze neno. Usieleze, usilaumu, redio usiitaje. Akija peke yake, bila simu mkononi, akae kwenye benchi na wale mateja wenzako waliopona na wasiopona, akuone unavyokunywa, basi hapo mtakuwa na pa kuanzia, na hilo kumbatio likija halitahitaji mazoezi. Akikasirika akasema amekunyima radhi, niandikie, kuna wazee Lamu wa kumwendea kwa adabu wakamkalisha. Naye ni kijana wa Langoni kabla ya kuwa yeyote mwingine. Akinyamaza, mwachie mlango wazi uendelee na siku zako. Kuna baba waliochelewa kabisa. Paul Newman, mwigizaji mkubwa wa Marekani, alimpoteza mwanawe Scott mwaka 1978, kwa pombe na tembe, kijana wa miaka 28. Kituo cha kupambana na dawa za kulevya kwa jina la mtoto kilikuja baadaye, mtoto keshazikwa. Babako bado ana wakati, ila ni yeye wa kuujua.

Nimebakiza nyanyako.

Katika barua nzima hukuniuliza habari zake. Umemtaja mara mbili tatu ukampita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Wewe unayo radhi ya kuomba, na ni kwake. Kwenda Lamu na kurudi kabla ya dirisha la asubuhi haiwezekani, ukishahesabu Garsen, Witu, mashua ya Mokowe na vizuizi vya njiani. Kwa hivyo usiende wewe, mlete yeye. Weka kando hela ya mahamri kidogo kidogo mpaka itimie nauli yake na ya mtu wa kumsindikiza. Bangili hutaweza kuzirudisha kwa sasa. Mwambie hivyo kwa mdomo wako, umtajie ulimuuzia nani na kwa bei gani. Atataka kujua. Halafu asubuhi ya pili mchukue kwa tuktuk mpaka kliniki, umsimamishe karibu na dirisha, akuone unavyokunywa kwa macho yake, yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Na mwambie akija aje na mikate ya mofa, hapo Malindi hawajui kuipika.